Hema Jepesi Liko Mlangoni

Baba Salem,

Nakwenda Kariakoo kuliuza lile hema lako zito. Wachukuzi wawili wamelibeba huku wakihema. ~~Chagua mwenyewe.~~ Nimeshakuchagulia: utakwenda kuwinda na hili jepesi nililokushonea.

Samaki yumo chunguni, watoto nao wale.

Asubuhi nilipolimwagia hili jepesi ndoo nzima ya maji, nawe umo ndani, halikuvuja mpaka ulipolichokonoa kwa kidole, ukapiga kelele, “Linavuja!” Kitambaa kilicholowa ukikigusa kwa ndani huvuja, hata hilo turubai lako. Safari iliyopita wapagazi walibaki nyuma na lile zito, ukalala mvuani, ukaniletea kichomi badala ya nyama ya mbogo.

Ukilala humo, kidole chako kikalie.

Mkeo, aliyekukanda kifua