Watu Juu ya Mapaa

Jumamosi, 6 Shaabani. Kambini, karibu na Ihumwa

Nimefunga kioo cha picha cha leo kama kawaida: nyasi kavu, blanketi, sanduku. Kutwa kilimani. Mdachi ninayemfanyia kazi aliingiza kichwa ndani ya kitambaa chake cheusi, akaupiga picha uwanda wote. Alipotoka alisema hakuna kitu. Nikamwambia pale chini kuna kijiji. Hakukiona. Mapaa ya tembe, nyumba zetu Wagogo, ni bapa, yamefunikwa udongo uleule wa uwanda. Hata mimi niliyezaliwa hapa ilibidi nitafute.

Jumatatu, 8 Shaabani

Sasa najua kwa nini tunapiga picha nyika. Vioo vinakwenda boma la Mpwapwa. Kuna mzungu anataka shamba la ng'ombe, na atapewa ardhi isiyo na watu. Nilimwambia Mdachi watu wapo. Akasema, "Picha haisikii maneno, mzee. Nionyeshe ng'ombe."

Amekubali kurudi kilimani Jumatano. Mara moja tu. Nina hasira. Sikuionyesha.

Jumanne, 9 Shaabani

Nimeshuka kijijini. Kigogo changu kimechakaa. Bibi mmoja aliyekuwa akitwanga uwele alisema, "Huyu wa pwani anaongea kama ana ugali wa moto mdomoni." Wakacheka wote. Nikawaambia nilizaliwa hapa, nikatolewa kwa wasafiri mwaka wa njaa, kwa mtama, ili wadogo zangu wale. Kicheko kikakoma. Bibi akauliza jina la mama yangu. Nikalitaja. Akanionyesha kwa kidole rundo la udongo lenye miiba, tembe la mama lililoanguka zamani. Akaendelea kutwanga.

Jumbe wa kijiji hataki kuleta ng'ombe. Wako Bahi na kwingineko, amewagawa kwa marafiki wawatunze, kama wazee wake walivyofanya. Ugonjwa ukiingia zizi moja, usiwamalize. Siku hizi askari nao ni ugonjwa.

"Nikiwarudisha, boma litachukua ng'ombe. Nisipowarudisha, litachukua nchi. Wewe umesoma. Chagua," akasema.

Nikaomba jambo moja: wapande mapaani, pale wanapoanika mtama, wasimame bila kutikisika. Anayetikisika hugeuka moshi kwenye kioo. Jumbe akasema atafikiri.

Jumatano, 10 Shaabani

Uwanda mtupu. Jua likapanda. Mdachi akaanza kukunja miguu ya sanduku lake la picha. Nilimwomba angoje. Akangoja kwa kununa.

Kisha mtu mmoja akaota kutoka ardhini. Halafu wengine, kila mahali, hata nisikotazamia. Wakasimama kama vigingi. Mdachi akaifungua tena miguu, akaingia kitambaani, akapiga.

Ijumaa, 12 Shaabani

Leo ameniruhusu kukiinua kioo cha Jumatano mbele ya mwanga. Huko kila kitu ni kinyume: mbingu nyeusi, Wagogo weupe. Nikamtafuta yule bibi juu ya paa lake. Wapo watu wa nyumba yake tu. Yeye amesimama peke yake pembeni, juu ya lile rundo la miiba, mikono kiunoni. Hakutikisika hata kidogo.

Nilikitazama mpaka Mdachi akakohoa.

Vioo vyote viwili vinakwenda boma, hiki na kile cha Jumamosi. Amri yake. Kufunga ni kazi yangu. Hiki nimekifunga kwa mablanketi mawili, moja ni langu. Kile cha Jumamosi nimekivua blanketi, nimekiachia nyasi tu, kidogo. Njia ya Mpwapwa ina mawe mengi.