Filimbi Kumi na Mbili za Kijani

Jumatano, 12 Januari 1994

Nepi kumi na tisa kabla ya saa nne. Mtoto ana wiki tatu na ananyonya kama anafukuzwa. Mdogo wangu Adela nimemkataza kushika maji ya baridi. Mumewe, Faustini, ameshakwenda gereji. Mimi nafua, naanika, nafua tena. Mwalimu mkuu kanipa ruhusa ya wiki mbili nije Kigali kupumzika, hivyo ndivyo alivyosema. Angeuona mgongo wangu.

Watoto wa majirani wananichungulia juu ya ua wa minyaa. Nimewahesabu kumi na wawili. Sawasawa na zawadi nilizoleta! Kule Mwanza nilizunguka soko zima kuzitafuta. Pipi nilizikataa, zinaozesha meno na zingeyeyukia kwenye begi. Mapurizo yanapasuka, halafu ni kilio. Penseli zingehitaji na daftari. Nikachukua filimbi za plastiki, za kijani zote ili wasigombanie rangi. Nyepesi, rahisi, hazipasuki. Nilijisifu njia nzima hadi mpakani, Rusumo.

Yangu ya chuma haimo humo. Hiyo iko shingoni tangu nianze kufundisha michezo. Kokwa lake la ndani limelika, inalia kwa kukoroma. Adela, ambaye nilimfundisha mwenyewe darasa la tatu, anasema inalia kama kuku aliyekabwa. Hana adabu, hata akiwa mzazi.

Alhamisi, 13 Januari

Niandike tu.

Saa kumi jioni niliwagawia. Nikawapanga mstari. Wa kwanza Solanje, binti wa nyumba ya pili, miaka sita, meno ya mbele hana. Nikawafundisha: mkono juu, puliza, mkono chini, nyamaza. Wakapuliza wote kumi na wawili.

Mlima mzima ukafunga milango. Naapa, niliisikia ikifungwa mmoja mmoja. Mwanamke aliyekuwa anachambua maharage aliacha ungo uani akakimbilia ndani. Mama yake Solanje alitoka mbio, akamnyanyua mwanawe kwa mkono mmoja kama ndoo. Mimi nimesimama pale, mkono bado juu, mpumbavu.

Faustini alipanda kilima chote mbio, kiatu kimoja kimebaki njiani. Alimshika Adela, akamshika mtoto, kisha akakaa chini.

Halafu akanieleza. Hapa filimbi si ya mpira. Vijana wa siasa ndio wanaozipuliza wanapokwenda kuizunguka nyumba ya mtu. Mwezi uliopita waliizunguka nyumba ya fundi mwenzake. Kitambulisho cha yule fundi kimeandikwa Mtutsi. Cha Faustini pia.

“Shemeji, hukujua,” akasema. Heri angenitukana.

Ijumaa, 14 Januari

Wamekuja. Vijana watatu. Mkubwa wao wanamwita Kapiteni, ingawa jeshini hajawahi kuingia. Anauza sigara hapo barabarani. Kofia, miwani ya jua, adabu nyingi. Adabu yake ndiyo iliyonitisha.

“Mama, ni nani alipatia batoto firimbi?”

Nikasema mimi. Nikaonyesha pasipoti. Nikasema mimi ni mwalimu wa michezo, ni zawadi tu. Hakuniangalia. Alikuwa anamwangalia Faustini.

“Iko kumi na mbili. Batoto banasema. Mimi nataka yote, Jumapili. Kama moja inakosa, tutajua iko imetumwa kwa adui, kumuita.”

Adui ni waasi walio kaskazini. Yaani shemeji yangu, fundi wa breki, anaita jeshi kwa filimbi ya plastiki! Ningecheka kama Adela asingekuwa amejiziba mdomo kwa kanga. Faustini alijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nilimchukia yule kijana. Nilijichukia zaidi.

Jumamosi, 15 Januari

Kunyang'anya zawadi. Sijawahi kufanya kazi mbaya kama hii.

Sikutaka kwenda mikono mitupu. Nilikata kamba mpya ya kuanikia nikatengeneza kamba za kuruka, vipande kumi na viwili, nikafunga mafundo mwishoni. Nepi sasa zinakauka juu ya minyaa. Nikaenda nyumba kwa nyumba. Watoto wengine walirudisha kabla sijafungua mdomo, mama zao wamesimama nyuma. Mmoja alikuwa ameiosha kwa sabuni. Hakuna aliyelia. Afadhali wangelia.

Kufikia saa tisa ninazo kumi na moja.

Solanje anasema yake imepotea. Anasema huku ananitazama machoni, kwa hiyo anadanganya. Miaka ishirini na mbili nimefundisha, nawajua. Mama yake amepekua kitanda, jiko, mpaka banda la kuku. Amemchapa. Nilimsihi aache. Mtoto hajasema. Kamba ya kuruka hakuipokea pia.

Faustini hajala. Adela anasema maziwa yanapungua. Naogopa. Basi.

Jumapili, 16 Januari

Kapiteni alikuja watu wakirudi misani. Alizimwaga filimbi kwenye meza yetu akazihesabu kwa kidole. Kumi na moja. Akahesabu tena. Akainua macho kwa Faustini, polepole.

Sikufikiri. Nilivua yangu shingoni nikaiweka juu ya zile nyingine.

“Kumi na mbili,” nikasema.

“Hii si ya batoto. Iko ya chuma.”

“Ni bora kuliko zote.”

Akaigeuza. Akaipuliza, mle mle ndani, mtoto akashtuka akalia. Ile sauti yangu ya kukoroma. Akacheka, akaivaa, akaiingiza ndani ya shati. Alimpigapiga Faustini begani akaondoka na wenzake.

Tumepona. Adela alinikumbatia. Mimi nilikwenda uani kuanua nepi. Filimbi iliyokusanya watoto wangu miaka yote ile iko kwenye shingo ya yule. Nimempa kwa mkono wangu.

Jumanne, 18 Januari

Naondoka. Nimewaomba waje Mwanza, hata mwezi mmoja. Faustini anasema gereji, nyumba, mama yake mgonjwa. Adela anasema kwa mumewe ndiko kwao. Nimegomba. Nimegomba bure.

Nikitoka na begi, Solanje alikuwa kwenye ua. Alinikamata mkono, akanitia kitu kiganjani, akakimbia. Filimbi ya kijani. Imefungwa kwa jani la mgomba. Ilikuwa ndani ya minyaa siku zote, utomvu umeganda kwenye tundu. Nadhani aliogopa nitampa mtu mwingine zawadi yake, sasa kaona shingoni sina yangu, kanipa.

Nililia ndani ya basi mpaka Kayonza. Abiria wa pembeni yangu alihamia kiti kingine.

Jumatatu, 24 Januari

Shuleni. Wanafunzi wameuliza filimbi iko wapi. Nimesema imepotea. Naita kwa kupiga makofi. Wananicheka, mistari imepinda.

Jumapili, 8 Mei

Adela yupo. Aliingia juzi na mtoto mgongoni, gauni moja. Leo ndiyo ameongea.

Ilikuwa alfajiri, siku ya pili ya mauaji kule Kigali. Anasema filimbi zilikuwa zinalia tangu jana yake, kila upande, hujui zipi zinakuja kwako. Halafu akaisikia moja inakoroma. Chini, karibu na barabara. Akamwambia Faustini: hiyo ya dada, hao wanakuja kwetu. Wakatoroka na mtoto kwa nyuma, kwenye migomba, hawakuchukua hata maji. Faustini yuko kambini Ngara, miguu imevimba haimbebi. Nitakwenda kumchukua Jumatano.

Mama yake Faustini hakuweza kutembea. Hilo alilisema mara moja tu.

Nilimuuliza habari za Solanje. Adela alimhamisha mtoto bega la pili, akaangalia mlango.

Nimepika uji. Nepi ziko saba, nimezifua na kuzianika. Ile ya kijani iko kwenye droo ya meza hii. Utomvu sijautoa.