Baiskeli Isiyo na Mzigo

Jumapili jioni

Bado najiuliza nani alimtia maneno Mzee Nyabuto. Kila Jumapili nimepita ile njia ya mikaratusi huku Marani, nikizunguka mabwawa yake ya samaki, na hajawahi kunizuia. Leo alisimama katikati ya njia.

"Mwalimu, hiyo baiskeli hubeba nini?"

Nikamwambia haibebi kitu, nafanya mazoezi tu.

"Mtu mzima anazunguka na baiskeli tupu, hata ndizi hana? Na kofia ya mjengo?" Alikuwa akiitazama helmeti yangu ya baiskeli.

Mkewe, aliyesimama nyuma yake, alicheka. Mzee hakucheka. Kumbe samaki wake wanaibwa, na anataka nipitie barabarani.

Mlinzi wake, Osoro, alikuwa kando akiitikia kila neno kabla halijaisha. Nilipokuwa nikigeuza baiskeli ndipo nikakumbuka: ni yeye aliyeniuliza juzi huwa napita siku gani, saa ngapi. Nikamjibu vizuri kabisa, kama mjinga.

Sina ushahidi. Huenda namwonea.

Lakini nikiacha kupita kule, na Osoro naye apumzike kuiba wiki mbili tu, mabwawa yatulie, nitamwambia nani kwamba mimi si mwizi?