Panzi Juu ya Malisho ya Baba

Jumatatu, 2 Juni 2025
Kibali kimetoka! Mhandisi Tadeo kaingia karakana mbio, karatasi mkononi, kajigonga goti kwenye pangaboi la Panzi — hata hakusikia maumivu. Tunaruhusiwa kumrusha Panzi, gari letu la kupaa, na mtu ndani! Uwanda mtupu tu, mita kumi, basi. Zinatosha! Siku zote Panzi kapaa na magunia ya mchanga. Hapa Mbeya, Iyunga nzima wanatuita "wale wa mchanga".

Anapanda Liberatus, kijana wa Kalenga. Panzi hujiongoza mwenyewe, ila aliye ndani ana usukani wa dharura. Mimi kazi yangu sensa — za kimo, za upepo, za kuona kilicho chini. Macho yake. Akiona vibaya, nimeona vibaya mimi.

Jumanne, 3 Juni
Nimempigia Baba kumwomba malisho yake kule Usangu. Akauliza, hilo gari litatia ng'ombe wazimu? Nikasema linavuma kama mashine ya kusaga. Akasema basi, mashine wameshaizoea, njooni. Mama akamnyang'anya simu: anapanda nani? Liberatus, nikasema. Akashusha pumzi. Halafu akauliza kama huyo Liberatus ana mke. Mama huyu!

Alhamisi, 5 Juni
Usangu. Joto! Kule Soweto ya Mbeya nimeacha watu na makoti.

Nimewasha vipimo — kioo kinasema tuko mita mia sita CHINI ya ardhi. Liberatus akavua kofia: "Poleni wafiwa. Tumeshazikwa." Nimecheka mpaka machozi. Kisha aibu. Sensa ya kimo inapima uzito wa hewa, na sifuri yake niliiweka Mbeya, mlimani. Huku bondeni hewa ni nzito zaidi. Nikasahau kuiweka upya. Mimi! Tadeo hakucheka. Akasema kosa la namna hii likitokea juu, hakuna wa kulisimulia. Nimeiweka upya, nikawasha na ile ya mwanga inayopima mpaka kwenye majani. Zikitofautiana, kengele inalia.

Ijumaa, 6 Juni
Aibu ya leo si yangu! Liberatus kakaa kitini, taa nyekundu. Kiti kina sensa ya uzito. Kazidi! Uzito aliotuambia ni wa mwaka juzi, na jana wali wa Mama na maziwa mgando, sahani juu ya sahani. Tadeo ndiyo kabisa, tumbo linamtangulia. Wote wakanigeukia mimi.

Nikasema ndiyo kabla hawajauliza. Mama hajui.

Jumamosi, 7 Juni — asubuhi
NIMERUKA!

Mama alifika mkanda umeshafungwa. "Ng'washi, shuka." Nikamwambia, Mama, sensa zote humu nimezifunga mimi. "Ndiyo maana nakwambia shuka!"

Mapangaboi yakavuma. Majani yakalala. Mita moja, tatu — kumi! Migongo ya ng'ombe. Mpunga uliovunwa hadi macho yanakoma. Na juu ya bati la nyumbani, kandambili moja, sijui ya nani. Nikapiga vigelegele peke yangu kama bibi harusi aliyejioa!

Kushuka sasa — Panzi kakataa. Mtamba mwekundu wa Baba kaja kusimama chini yangu, kainua shingo, anashangaa. Panzi hatui juu ya kiumbe, nimemfundisha mwenyewe. Nikasogea kushoto, mtamba kushoto. Kulia, naye kulia. Betri inaliwa. Kicheko kikakauka. Kidole kikawa juu ya kitufe cha kuzima sensa za chini, nianguke tu popote. Liberatus kwenye redio, taratibu: usizime, Ng'washi. Acha Panzi aone.

Nikaondoa kidole.

Mama huyo! Kavua kanga ya begani, anakimbia ndani ya upepo ule, anamchapa mtamba matakoni na kumtukana Kisukuma — matusi ambayo sikujua anayajua! Wakatoka wote wawili, mbio. Nikatua kama yai kwenye pamba. Mama akanikumbatia, akanitandika kofi la mgongo, akanikumbatia tena.

Jumamosi — mchana
Betri nyingine zimefungwa. Tadeo kaenda kunywa maji, karudi kamkuta Baba kitini. Mkanda kajifunga mwenyewe. Taa kijani, mwembamba vile.

Tadeo kamsihi: Mzee Masanja, hiki bado cha majaribio. Baba kajibu, "Aliyepanda asubuhi nimemzaa mimi." Liberatus anasema atamwongoza kwa rimoti, hakuna neno. Mama kajishika kichwa, kisha kasema mwacheni, huyo hasikii.

Tadeo kanigeukia. Wewe ndiye mwenye sensa. Ukisema ndiyo, tunawasha.

Asubuhi, mwili wangu mwenyewe, sikuwaza hata kidogo! Sasa nimeshika kila waya, nimerudia, nimerudia tena. Zote sawa. Upepo sawa. Mtamba kafungwa. Sina sababu ya kukataa — ila ni Baba.

Kavua kofia kaiweka mapajani. Kakaa wima kama anapigwa picha ya kitambulisho. Anatabasamu! Nimeegemea boneti ya gari tulilokuja nalo, naandika haya ili nisijibu haraka.

"Ng'washi," anaita. "Bado unaandika?"