Kahawa Ni Ile Ile, Nambari Imebadilika

Mpendwa Mama Magdaline,

Nisaidie kabla msimu wa kahawa uishe, maana ukiisha sitapata tena nafasi na msichana mmoja. Mimi ni kijana wa kupima kahawa kwa kiwanda karibu na Gakindu, shule niliacha darasa la nne, na kuongea na wasichana siwezi, naangalia tu. Kuna Wachuka, alikuwa anachagulia kahawa ya mama yake karibu na mizani yangu, hata akimaliza anakaa tu, siku ingine ananiachia ngwaci, kiazi kitamu ya kuchoma, na hasemi kitu, na mimi sisemi, na hiyo siku inakuwa nzuri yote. Sasa tumeletewa mizani ya kilo, ile ya ratili ikatolewa, na kwa risiti tunaandika nambari peke yake vile tumezoea. Wachuka akaleta na punda yao gunia ile ya kila siku, zamani ilikuwa inasoma mia moja, nikaandika arobaini na tano, mama yake akapiga kelele mbele ya watu, "Theuri! Ingine imeenda wapi?" Mzee Gicheru kwa laini naye, "Ati mizani imekonda kama mwenyewe!" Watu wakacheka, Wachuka akaniangalia, akangoja niseme kitu, na mdomo ikakataa. Siku hizi anapeleka kahawa kiwanda ingine ya chama yetu ya ushirika, ng'ambo ya mto, kule bado wako na ratili. Nikisikia punda kwa barabara natoka kuangalia, na si yeye. Nimefikiria nimwite arudi, halafu kwa risiti yake peke yake niandike mia moja, afurahi. Ni vibaya?

Theuri, Mukurweini

Theuri, pole, lakini ni vibaya na ni ujinga. Karani wa chama atasoma hiyo mia moja kama kilo, ataona kahawa haifiki, na mwizi atakuwa Wachuka. Ratili mia moja ni kama kilo arobaini na tano, lakini nambari peke yake haijui kama ni ratili au kilo. Kuanzia kesho andika "kilo" kando ya kila nambari. Risiti za zamani usiguse. Zilikuwa ratili, zibaki ratili. Mwombe mwenyekiti arudishe mizani ya zamani ikae kando ya mpya msimu huu, kila mtu apimiwe kwa zote mbili, aone. Mama yake hakukosa kuuliza. Ninyi mlibadilisha mkanyamaza.

Halafu nenda kwao, na mtu mzima, na sukari mkononi. Lakini maneno useme wewe, hata ukitetemeka. Wachuka alingoja sauti yako, na hakuipata. Akishajua ukweli na bado asikutake, utaumia, lakini utaumia kwa jambo la kweli.