Bahati Aliniuliza Juu ya Mguu wa Mama Yake

Mpendwa wangu Mama Salma,

Lau ungalikuwa hai juzi, paja langu leo lingekuwa jeusi kwa mifinyo yako. Unakumbuka? Wageni wamekaa mkekani, mimi nimeshaanza kueleza kupatwa kwa mwezi, na mkono wako unapita kimya kimya kunifinya. Wakishaondoka wanicheka: "Baba Salma, mtu kauliza njia ya kijiji cha Yiti, we wampa ramani ya dunia! Siku moja sema 'sijui', nami nisikie."

Juzi alikuja Bahati, yule Mkongo fundi wa viyoyozi wa mtaa wa Darsait, uliyekuwa ukimlazimisha ale kabla hajagusa mashine. Mlima wa moto wa kwao umeripuka. Mtaa wao umefunikwa, na mama yake hapatikani kwa simu. Aliniuliza akiwa bado mlangoni:

"Mzee, ule moto unatembeaka mbio? Mama anavutaka mguu."

Nami nikafurahi. Nnaona haya kuliandika neno hili, lakini ndilo. Tangu nistaafu ualimu, nani ananiuliza kitu? Nikamkalisha, nikammiminia kahawa. Nikamweleza kuwa ardhi ya kwao inaachana polepole, na mwamba ulioyeyuka chini hupanda kwenye ufa, ukisukumwa na gesi iliyomo ndani yake, kama soda iliyotikiswa. Kuna milima, nikasema, hutoa uji mzito, hata mtu akaukimbia kwa miguu yake. Wa kwao ni mwepesi, huteremka kama maji. Hufunga barabara, huchoma nyumba, na hewa yake ya sumu hutuama mabondeni. Hata nikaliinamisha sinia, nikamwaga kahawa juu yake, aone inavyokimbia.

Aliifuata kwa macho mpaka ukingoni. Kisha akakitikisa kikombe chake, kama ulivyomfundisha kufanya mtu akishatosheka. Kilikuwa bado kimejaa. Kahawa ikammwagikia vidoleni.

"Asante, Mzee."

Alipokwisha kutoka ndipo nilipoukumbuka ule mguu. Kila nililosema lilikuwa sahihi, Mama Salma, na maana yake kwa Bahati ilikuwa moja tu: mama yako hakuweza kuukimbia moto.

Leo alasiri nilikwenda Darsait. Vijana wa kwao wamejaa chumbani, simu imewekwa katikati ya mkeka. Walinisogezea mto. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Baadaye Bahati akaniuliza, "Mzee, ule mwamba unapoaka lini, mutu aukanyage? Nataka niende kumutafuta."

Jibu nnalijua. Juu huganda upesi, chini hubaki na moto kwa miezi. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikapeleka mkono pajani, nikajifinya kwa nguvu.

"Sijui, mwanangu," nikasema. "Tungoje simu pamoja."

Akaniegemea begani. Mpaka naondoka, simu ilikuwa haijalia.

Lile neno limetoka, mwenzangu, nawe hukulisikia. Kesho nnarudi kukaa naye. Pumzika kwa amani.

Mumeo,
Baba Salma