Msimwite kwa Kipaza Sauti

Tarehe 6, mwezi wa nane

Kwa binti yangu, fundi wa cherehani,

Pokea salamu nyingi kuliko majani ya huku. Natumaini hapo hospitali wanakulisha vizuri na mguu umeanza kusikia dawa. Sisi wazee wako ni wazima, mimi hasa. Leo nimepanda kilima, vijana wamebaki nyuma wanahema kama mbwa.

Barua hii anakuletea dereva wa lori la mboga maana simu huku hazishiki. Usinune kwamba nimemleta mama yako hifadhini bila kukuaga. Ungekataa. Tangu nimuoe namwambia iko siku utaiona barabara niliyoikata kwa mikono hii miwili, na yeye anafua tu na kupika, anafua na kupika. Basi nikasema wewe uko kitandani, mlinzi hayupo, twende. Getini kijana mmoja akaniambia, mzee, lazima mchukue mwongozaji. Nikamwambia mjukuu wangu, wakati naikata njia hii mama yako wewe alikuwa bado hajaota meno. Akacheka akafungua.

Mama yako kafurahi. Kaona tembo wanaoga, kasema masikio yao kama shuka zimeanikwa. Nyani kanipora kofia, mama yako akacheka mpaka akakaa chini, akasema mwache, imempendeza kuliko wewe. Sasa mtu wa maneno hayo utasema kasahau nini? Huyo daktari uliyempeleka mama yako abaki na vipimo vyake. Kusahau jina la jirani siyo ugonjwa. Yule jirani hata mimi natamani kumsahau.

Kesho tunapumzika, keshokutwa nampeleka bustani ya maua iliyo katikati ya hifadhi, halafu maporomoko. Usiwe na wasiwasi, uko na mimi unaogopa nini.

Ni mimi baba yako, bado chuma


Tarehe 7, mwezi wa nane

Baba, shikamoo.

Mimi sijambo kidogo, mguu bado umening'inizwa juu kwa kamba na jiwe. Dereva amesimama hapa anasubiri, kwa hiyo sitazunguka.

Mama hakusahau jina la jirani tu. Ulipokwenda kwenye msiba wa mjomba nilimkuta anakoroga sufuria tupu juu ya moto, ameniandalia chakula. Siku nyingine alitoka kununua chumvi, nikamkuta stendi, hajui alikuwa anakwenda wapi. Nilikwambia ukasema ni uchovu. Nikanyamaza, kwa kuwa wewe ukishasema umesema.

Mshike mkono, baba. Usimwache peke yake hata kidogo. Waambie askari wa hifadhi hali yake, mchukue mwongozaji, na lori likigeuka panda naye mrudi. Nakuomba kama anavyoomba mtu asiyeweza kusimama.

Mwanao


Tarehe 9, mwezi wa nane

Mwanangu,

Salamu. Mimi ni mzima. Mama yako sijui.

Barua yako imenikuta jana jioni, na yeye alishapotea tangu asubuhi. Ilikuwa hivi. Tulikaa kwenye benchi pale bustanini, anatazama maua, ametulia kabisa. Mimi nikaona ngoja nikatazame kama njia ya maporomoko inapitika, nisimchoshe bure. Nikamwambia kaa hapa, nakuja. Akasema haya. Niliporudi benchi lilikuwa tupu na ndala zake ziko chini, zimepangwa vizuri kama mlangoni kwa mtu.

Mkuu wa hifadhi katoa askari wote na gari. Wanapuliza filimbi na wanaita kwa kipaza sauti, jina lake kamili. Sauti zao nyembamba, nikawanyang'anya kile kipaza nikaita mwenyewe, unaijua sauti yangu, ndege wameruka kilima cha pili. Hajaitika.

Mkuu kaniuliza, mzee, mama ana tatizo lolote la kichwa? Nikamwambia mke wangu ana akili kuliko wewe na ofisi yako. Basi wanamtafuta kando ya barabara, wanasema mtu mwenye akili zake atafuata barabara au atakaa asubiri gari. Barua yako nilikuwa nayo mfukoni. Usiniulize kwa nini sikusema. Mwanamke wa watu nimeishi naye maisha yote, nisimame mbele ya vijana wenye bunduki niseme ameharibika? Nimemsitiri.

Huku kuna nyati, na usiku kuna baridi, na ametoka na kanga moja. Sili. Mkuu katoa gari lake likuletee barua hii. Usisumbuke kuja, nitampata mwenyewe.

Baba yako


Tarehe 9, jioni

Baba,

Shikamoo, na hali yako usinieleze, naiona kwenye mwandiko.

Soma hii ukiwa umesimama halafu nenda kwa mkuu. Waache kumwita. Mama akisikia jina lake kwa sauti kubwa anajificha. Sokoni nilimwita, nikaja kumtoa chini ya meza ya muuza viazi, amejikunja, ananiambia nyamaza, baba anakuja na fimbo. Anadhani babu yuko hai, baba. Anadhani yeye ni msichana katoroka kazi. Kila mkiita mnamzidishia kujificha. Wala hatafuata barabara. Ataingia mahali penye giza na pembamba.

Watafute wanawake, wapite polepole, wazungumze mambo yao ya kawaida kama watu wanaokwenda kuokota kuni. Wasimwite.

Na sema ukweli mbele ya wote. Methali ya mficha maradhi unaijua, sitaki kuimalizia. Hii si aibu yako. Ningekatwa mguu huu nikaupata mwingine ningekuja niseme mwenyewe.

Mwanao


Tarehe 11, mwezi wa nane

Mwanangu,

Yuko hai. Nimetanguliza hilo, salamu zije baadaye.

Nilisimama mbele yao uwanjani. Nikasema, mke wangu akili imemtoka, akiitwa anajificha penye giza, nami niliwadanganya. Hakuna aliyecheka. Mkuu alikiweka chini kile kipaza sauti, akawaambia wazime filimbi. Askari mmoja akasema taratibu, mzee, pale kwenye mianzi tumepita mara ngapi tunaita.

Wanawake wanaopalilia bustani ndio waliompata, hapohapo kwenye mianzi, nyuma ya benchi letu, si mbali hata kwa mtoto. Walikuwa wanasimuliana habari za waume zao, mmoja akasikia mtu anacheka kidogo ndani. Miguu yote miiba, midomo imepasuka. Alikuwa pale muda wote naita. Mimi ndiye niliyeita kwa nguvu kuliko wote.

Sasa yuko chumba cha muuguzi wa hifadhi, anakunywa uji. Nilipoingia alijikunja ukutani, akawaambia wanawake, mwondoeni huyo mzee. Nikamwambia mimi ni mumeo. Akasema mimi sijaolewa, na baba akisikia unasema hivyo ataniua. Nikamtajia mambo yetu mengi, mengine siwezi kukuandikia wewe. Akaziba masikio. Nikaenda kukaa mlangoni. Gari liko tayari kuturudisha lakini hapandi kama mimi nimo, na bila mimi nani atampokea nyumbani.

Najua mguu wako. Waombe wakufungue hata kwa siku moja, dereva atakubeba. Uje umwambie mimi ni nani, mimi nimeshasema, haniamini. Na kama hawatakufungua, andika, mmoja wa wale wanawake amsomee kwa sauti ndogo. Usiandike sifa zangu. Andika tu kwamba yule mzee aliyekaa mlangoni hakuja kumpiga.

Baba yako